Le Corbusier: Msanifu aliyehubiri ukuta laini na kuishia kutukuza zege tupu

MNAMO Agosti 27, 1965, mzee wa miaka 77 aliteremka hadi ufuoni huko Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, akaingia baharini kuogelea kama ilivyokuwa desturi yake kila msimu wa joto. Hakutoka akiwa hai. Siku chache baadaye jeneza lake liliwekwa katika ua wa jumba la Louvre jijini Paris, na André Malraux, aliyekuwa waziri wa utamaduni, akasoma hotuba ya kumuaga. Kutoka Ugiriki uliletwa udongo wa Akropoli, na kutoka India maji ya mto Ganges.

Marehemu alikuwa Charles-Édouard Jeanneret, almaarufu Le Corbusier. Ni vigumu kumtaja msanifu majengo mwingine wa karne ya 20 aliyesifiwa na kulaumiwa kwa kiasi kama chake. Mengi yameandikwa kuhusu ndoto zake za kubomoa miji na kuijenga upya, na kuhusu maghorofa aliyoyasimamisha juu ya nguzo. Yaliyoandikwa kwa uchache ni yale yanayohusu ngozi ya kuta zake, yaani jinsi zilivyoonekana kwa jicho na kuhisiwa na kiganja. Ilhali ni kwa ngozi hiyo ambapo mpita njia, asiyejua chochote kuhusu usanifu, aliyapenda au kuyachukia majengo hayo.

Alizaliwa Oktoba 6, 1887, katika mji wa La Chaux-de-Fonds nchini Uswisi, karibu na mpaka wa Ufaransa. Huo ulikuwa mji wa mafundi wa saa. Baba yake alipaka nyuso za saa kwa enameli, ile rangi ya kioo inayochomwa juu ya chuma kama tuionavyo kwenye mabirika na sahani za zamani. Mama yake alifundisha piano. Kijana alipelekwa katika shule ya sanaa ya mji ili ajifunze kuchonga nakshi kwenye vifuniko vya saa. Ni kazi ya vidole na macho, ambapo mkwaruzo mwembamba kuliko unywele huamua jinsi dhahabu inavyorudisha mwanga. Kwa hivyo kabla hajajua lolote kuhusu nyumba, alikuwa amejua kwamba uso wa kitu haukosi maana.

Mwalimu wake, Charles L'Eplattenier, ndiye aliyemwelekeza kwenye usanifu. Nyumba yake ya kwanza, ile ya familia ya Fallet, ilijengwa kati ya 1906 na 1907 alipokuwa hajafika hata miaka 20. Kuta zake zina nakshi za miti ya misonobari ya milimani, zilizokwaruzwa ndani ya lipu. Hakuna anayeitazama leo na kudhani kwamba aliyeichora ndiye atakayekuja kuipiga vita nakshi kwa ukali usio na mfano.

Safari ndizo zilizombadilisha. Jijini Paris alifanya kazi kwa Auguste Perret, bingwa wa zege lililotiwa nondo, na huko Ujerumani kwa Peter Behrens, aliyewajengea wenye viwanda. Kisha mwaka 1911 alizunguka nchi za Balkani, akafika Istanbul na kupanda kilima cha Akropoli mjini Athens. Alirudi na daftari zilizojaa michoro, na kichwani amebeba picha mbili: marumaru ya Parthenon ikichomwa na jua, na nyumba za watu wa kawaida zilizopakwa chokaa mwaka baada ya mwaka hadi pembe zake zikalainika.

Alihamia Paris mwaka 1917. Katika miaka hiyo ya mwanzo alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho lake la kushoto. Mtu wa jicho moja hutegemea zaidi kivuli na mabadiliko ya mwanga ili kutambua kina cha kitu kilicho mbele yake, na huenda si sadfa kwamba fikra za Jeanneret kuhusu majengo zilianza na kuishia kwenye mwanga. Pamoja na mchoraji Amédée Ozenfant alianzisha jarida la L'Esprit Nouveau mwaka 1920, na humo ndimo alimoanza kutumia jina la Le Corbusier. Makala yake yalikusanywa katika kitabu mwaka 1923. Humo alifundisha kwamba usanifu ni maumbo yakutanapo chini ya mwanga, na kwamba kazi ya uso wa jengo ni kulidhihirisha umbo bila kulivuruga. Miaka miwili baadaye alikwenda mbali zaidi, akapendekeza kila raia aondoe mapambo ya ukutani, apake rangi nyeupe nyumba nzima, na hapo aone jinsi roho yake itakavyotakata. Weupe kwake ulikuwa karibu na dini.

Katika mahubiri hayo kulikuwa na ukweli fulani. Ukuta laini usio na kiungo wala alama hunyima jicho mahali pa kushika. Mtazamaji hawezi kukisia ukubwa wa tofali wala uzito wa jiwe, kwa kuwa havionekani. Jengo huwa jepesi kama sanduku la karatasi, na kivuli kikianguka juu yake hukatwa kama kwa wembe. Hivyo ndivyo ilivyo Villa Savoye, nyumba aliyoijenga pamoja na binamu yake Pierre Jeanneret mjini Poissy, nje ya Paris, kati ya 1928 na 1931. Inasimama juu ya nguzo nyembamba katikati ya nyasi, nyeupe, na madirisha yake yamepangwa mfululizo kama utepe. Anayeiona kwa mbali hudhani imetoka kiwandani jana.

Haikutoka kiwandani. Nyuma ya weupe ule kuna nguzo za zege, na katikati yake matofali yaliyojengwa kwa mkono na kupigwa lipu na mafundi kwa mwiko, kama nyumba nyingine yoyote ya wakati ule. Ulaini wake ulikuwa vazi. Nalo vazi hilo lilikuwa na gharama, kwani ukuta laini husaliti kila ufa. Aliyewahi kuona ukuta mpya mweupe kando ya barabara ya vumbi anajua habari hiyo. Mvua ya kwanza huandika juu yake. Le Corbusier alikuwa amefuta vibaraza vya paa na kingo za kuyatupa maji mbali, maana aliona vinachafua umbo. Matokeo yake, maji yalipita palepale yalipopata njia. Bibi mwenye nyumba aliandika barua za malalamiko mwaka hadi mwaka kuhusu mvua iliyopenya paa bapa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 familia ilikuwa tayari kumfikisha msanifu mahakamani. Vita vilizuka kabla ya kesi.

Hata nyumba ndogo aliyowajengea wazazi wake kando ya ziwa Geneva mwaka 1923 na 1924 haikusalimika. Kuta zake nyeupe zilipasuka, na baadaye zikavikwa mabati ya chuma. Baba alifariki mwaka 1926, lakini mama aliishi humo hadi uzeeni, na mwana hakuona haya kuifanyia ile nyumba jambo ambalo fundi yeyote wa kijijini angelifanya. Huenda somo kubwa zaidi la maisha yake lilikuwa pale, nyumbani kwa mama, ingawa vitabu vingi hulipita haraka.

Kuanzia mwaka 1930, mwaka aliopata uraia wa Ufaransa na kumwoa Yvonne Gallis, mkono wake ulianza kubadilika. Katika bweni la wanafunzi wa Uswisi jijini Paris alijenga ukuta uliopinda wa mawe yasiyochongwa. Katika fleti aliyojijengea mwenyewe katika jiji hilohilo aliuacha wazi ukuta wa mawe na matofali uliotenganisha jengo lake na la jirani, akawa anachora picha zake mbele yake kila asubuhi. Hakutangaza kwamba amebadili msimamo. Wanaohubiri kwa sauti kubwa mara nyingi hugeuka kimyakimya.

Kisha kuna habari ya ukuta usiokuwa wake. Huko Roquebrune-Cap-Martin, msanifu Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, alikuwa amejenga kati ya 1926 na 1929 nyumba iitwayo E-1027 kwa ajili yake na mwenzake Jean Badovici. Ni nyumba nyeupe juu ya bahari, yenye fanicha aliyoibuni mwenyewe na kuta alizozikusudia zibaki tulivu. Gray alipokuwa amekwisha kuhama, Le Corbusier alikaribishwa humo na Badovici, na mwaka 1938 na 1939 akachora juu ya kuta hizo picha kubwa za rangi, baadhi zikiwa za wanawake walio uchi. Gray hakuombwa ruhusa. Alipopata habari aliona kwamba kazi yake imeharibiwa, na hakumsamehe. Aliyewataka watu wote wapake kuta zao nyeupe aliukuta ukuta mweupe kamili, uliotimiza kila alichokihubiri, naye hakuweza kuuacha. Wako wanaotetea kwamba picha zile ni sanaa ya thamani. Hata hivyo, chumba chenye ukuta mtupu na chumba chenye picha ya urefu wa mtu si chumba kimoja, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Doa jingine la miaka hiyo halihusu rangi. Ufaransa iliposhindwa vitani mwaka 1940, Le Corbusier alikwenda Vichy kubisha hodi kwa serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, akitafuta madaraka ya kupanga miji. Alikaa huko muda mrefu na kuondoka mwaka 1942 mikono mitupu. Ni sehemu ya maisha yake ambayo wafuasi wake walipendelea kuifunika kwa lipu.

Baada ya vita serikali mpya ilimpa kazi aliyoiota: jengo moja la kuishi watu takriban 1,600 mjini Marseille. Ujenzi ulianza mwaka 1947 na kukamilika 1952. Jengo lina fleti 337, urefu wa mita 137 na kimo cha mita 56, na juu ya paa kuna bwawa la watoto. Chuma kilikuwa adimu, kwa hivyo zege likachukua nafasi yake. Wakandarasi walikuwa wengi, kila mmoja na mbao zake za kumwagia zege, na kila mmoja na uzembe wake. Mbao zilipobanduliwa, viungo havikukutana. Mahali pengine zege lilikuwa limevimba, kwingine limebaki na matundu, na kote alama za vifundo na nyuzi za mbao zilikuwa zimejichapa kama muhuri.

Msanifu wa miaka ya 1920 angeliamuru lipu ipigwe juu ya yote. Msanifu wa Marseille alikwishaona lipu inavyoishia. Alitoa hoja kwamba nyuso za binadamu nazo zina makunyanzi na alama za kuzaliwa, na hakuna anayezichukia kwa sababu hiyo, basi zege nalo liachwe jinsi lilivyotoka. Akaongeza rangi kali, nyekundu, manjano na buluu, katika pande za ndani za vibaraza, ili ukali wa zege uongezeke kwa kulinganishwa. Kwa Kifaransa hali hiyo ya zege tupu huitwa béton brut.

Alikuwa akiungama kosa au alikuwa akilipamba? Pengine vyote viwili. Lakini jicho lilipokea jambo jipya. Alama ya ubao ina upana ambao kila mtu anaujua, maana kila mtu amewahi kushika ubao; hivyo jengo kubwa kupita kiasi likapata kipimo cha mkono. Nguzo zake nene, zilizochapwa mistari ya mbao, huonekana kana kwamba zinabeba mzigo kwelikweli, tofauti na zile fito za Poissy. Jua la kusini linapozipiga kwa upande, kila mstari hutoa kivuli chake, na saa moja haifanani na nyingine. Hata uchafu ukapata mahali pa kujificha. Wenyeji hawakushawishika haraka, wakaliita nyumba ya kichaa, na jina hilo halijafutika kabisa, ingawa siku hizi hutajwa kwa mahaba zaidi kuliko kwa dhihaka.

Kilele cha mchezo huu wa ngozi kiko kilimani Ronchamp, mashariki mwa Ufaransa, ambako kanisa dogo lilibomolewa kwa mapigano mwaka 1944. Jipya lilifunguliwa Juni 1955. Paa lake ni zege tupu la kijivu, lililoinuka pembeni kama gamba la kaa, na inajulikana kwamba gamba la kaa aliloliokota pwani karibu na New York lilikuwa mezani pake alipoanza kuchora. Kuta ni nyeupe, lakini si weupe wa Poissy. Zimepigwa lipu ya kukwaruza, yenye vinundu vinavyoshika mwanga, kisha zikapakwa chokaa. Mgeni huziona nzito kama ngome ya kale. Baadhi zimejazwa mawe ya kanisa lililobomoka. Ule wa kusini, mnene kuliko zote kwa kuutazama, ndani yake kuna fremu ya zege na uwazi, na ngozi yake ni saruji iliyopulizwa juu ya wavu wa chuma.

Kwa hivyo ukuta wa kukwaruza nao hudanganya. Ule laini wa Poissy ulidai kuwa kazi ya mashine na kumbe ni kazi ya mwiko. Huu wa Ronchamp unadai kuwa jiwe na kumbe ni uwazi. Wengi waliomsifu kwa kurudi kwenye ukweli wa vifaa hawakutazama ndani ya ukuta. Hata James Stirling, msanifu kijana wa Uingereza wakati huo, alisikitika kuona mtangulizi wake akiiacha mashine na kurejea matofali katika nyumba za familia ya Jaoul huko Neuilly. Alihuzunika kana kwamba ameachwa njiani.

Huko India, serikali ya Jawaharlal Nehru ilihitaji mji mkuu mpya wa Punjab, kwa kuwa Lahore ulikuwa umebaki Pakistan baada ya mgawanyo wa 1947. Kuanzia 1951 Le Corbusier alikwenda Chandigarh mara mbili kwa mwaka, huku Pierre Jeanneret akibaki huko kusimamia kazi. Mahakama kuu, jengo la ofisi za serikali na bunge ni zege tupu lililobebwa na wafanyakazi, wanawake kwa wanaume, karai kwa karai juu ya vichwa vyao. Mikono yao imebaki ukutani. Chini ya jua lile kali, uso uliokwaruza hupunguza mng'ao ambao ungeliumiza macho, na vivuli virefu vya vizuia jua vyake hulifanya zege lionekane la kale kuliko umri wake. Mvua za masika zimelichora michirizi myeusi. Yeye mwenyewe hakutosheka na kijivu, maana mwaka 1962 nguzo kubwa za lango la mahakama zilipakwa kijani, manjano na nyekundu.

Watawa wa Kidominiko nao waliingia katika nyumba yao ya La Tourette karibu na Lyon, ambako zege ni kali kama nadhiri zao. Kisha Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, lilikamilika mwaka 1963 jengo lake la pekee nchini humo. Nguzo zake ni za zege laini, kazi ya mafundi makini, kana kwamba kijana wa miaka ya 1920 amerudi. Hakwenda kuliona lilipokamilika.

Waliomwiga walikuwa wengi, na wengi waliiga ukwaru bila jua. Mtindo uliopewa jina linalotokana na neno brut ulienea katika miji ya Ulaya na mabara mengine katika miaka ya 1960 na 1970. Kwenye mvua nyembamba isiyokoma, zege lisilotunzwa huota ukungu, nondo hushika kutu na kulipasua kutoka ndani. Waliopangishwa katika majengo hayo hawakuwa na hadhi ya kuandikia barua msanifu kama yule bibi wa Poissy. Mengi yamebomolewa.

Yake yalitunzwa. Villa Savoye, iliyokuwa imegeuzwa ghala la malisho wakati wa vita na kuponea chupuchupu kubomolewa ili pajengwe shule, ilitangazwa kuwa turathi ya taifa Desemba 1965, miezi minne baada ya kifo chake. Mwaka 2016 Unesco iliorodhesha kazi zake 17 katika nchi saba. Eileen Gray aliishi hadi mwaka 1976. Nyumba yake imekarabatiwa na hutembelewa na umma. Picha za Le Corbusier zingali ukutani.

Yvonne alikuwa ametangulia mwaka 1957, na mumewe alichora kaburi lao juu ya bahari, kule Roquebrune, si mbali na kibanda cha mbao chenye maganda ya miti alimozoea kukaa wakati wa kiangazi. Kaburi ni bamba la zege tupu. Upande wa mke pamechapwa gamba la kombe na msalaba zege lilipokuwa bado bichi. Upande wa mume kuna kibao laini, kinachong'aa, chenye rangi za manjano, nyekundu na buluu na jina lake kwa mwandiko wake mwenyewe. Kibao hicho ni cha enameli, kazi ya baba yake.